Usukani Uliokaa Upande

Tangu gurudumu la kushoto lilipoparamia ukingo wa barabara asubuhi ile, usukani wa basi ulikaa upande hata njia ikinyooka. Dereva alijipa moyo kwamba ni upepo. Upepo gani, na majani hayatikisiki!

Nyuma yake fundi cherehani mmoja alimwambia mama aliyeketi naye, "Dada, hili basi linavuta kushoto. Litakuwa limegonga kitu."

Mama akacheka. "Huyu dereva? Angegonga, angeshuka palepale akakagua tairi, rimu na vyuma vya usukani. Mwanangu wa darasa la kwanza nampandisha humu peke yake kila siku."

"Mimi nasema linavuta."

"Na mimi nasema humjui."

Dereva alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na basi lake. Sifa zile zilimchoma kuliko tusi. Kabla ya mteremko aliwasha indiketa, akasimama pasipo na kituo, akashuka, akapiga magoti. Rimu ilikuwa imepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa.

"Si nilikwambia?" mama akatamba dirishani. "Kasikia kitu sasa hivi tu, keshashuka!"

Dereva aliendelea kuikagua rimu ambayo alishaiona, ilimradi asiinue uso.