Ngoma Iliyomsubiri Mzee Clavery

Leo ni Jumamosi, saa nne na dakika tano asubuhi. Mvua imekatika hapa Bukoba, lakini ukungu bado umeshika vilima.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Mzee Clavery Mwijage wa Kishanda, Muleba, mpiga ngoma wa kanisa kwa miaka arobaini na mitatu. Miaka arobaini na mitatu, ngoma ile ile moja. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mikono ikalala. Kikabaki kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

Binti yake, Annastella wa Kibeta, ni mwalimu wa umeme chuoni. Aliapa kwamba baba yake atapiga tena siku ya somo wa parokia, yaani mtakatifu msimamizi wake. Akanunua solenoidi sita. Solenoidi ni koili ya waya yenye kichuma katikati. Umeme ukipita, kichuma huchomoka na kugonga. Kwenye kompyuta hakuandika amri kwa maandishi. Alichora: kisanduku cha muda, kisanduku cha pigo, na mistari ya kuviunganisha. Amri zikashuka hadi kwenye kibao kidogo cha kielektroniki, na kibao kikawasha solenoidi zilizofungwa juu ya ngoma.

Kibao cha kwanza kiliungua. Fundi Najibu wa Hamugembe alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, umekaanga! Hiki kinatoa amri tu. Wewe umekibebesha gunia la kahawa."

Wakaweka transista za kubeba mzigo na diodi za kuzuia umeme unaorudi. Ngoma ikalia. Annastella akamgeukia baba yake, akingoja sifa.

"Nani huyo?" mzee akauliza. "Ana haraka ya kwenda wapi?"

"Mapigo ni yako, Taata. Nimeyapima yote kwenye rekodi za kanisa."

"Na wanaoleta ndizi, nani anawasubiri?"

Annastella akarudi kwenye kompyuta. Kishanda, wakati wa matoleo, mikungu ya ndizi hupelekwa altareni kwa ngoma. Wabebaji wakiinama, ngoma hunyamaza. Hairudi mpaka mkungu wa mwisho utuliwe. Mzee alikuwa na macho ya kutazama. Mashine haikuwa nayo. Basi Annastella akachora kisanduku kimoja zaidi, cha kusubiri: mapigo yakifika hapo, ngoma inyamaze mpaka kitufe kibonyezwe. Akaweka kitufe chini ya kidole cha baba yake.

Siku ya somo ikafika. Mkungu wa mwisho ukatuliwa. Kidole kikabonyeza. Ngoma ikarudi, na kanisa zima likasimama bila kuambiwa.

Mzee Clavery alifariki Jumatatu. Alhamisi, jeneza liliingia kanisani kwa ngoma yake. Wabebaji wakainama, wakalitua. Ngoma ikanyamaza, ikasubiri. Watu wote wakakitazama kitufe.

"Kibonyeze, mwalimu," Najibu akanong'ona kando ya betri ya mashine.

"Ni cha kidole chake."

"Naye ameshatuliwa, dada. Angekuwa yeye, sasa angepiga."

Annastella akabonyeza. Ngoma ikarudi. Wasikilizaji wapendwa, waliokuwapo wanasema hata watoto wachanga walitulia.

Kwa familia ya Mwijage, poleni sana. Mungu ampumzishe kwa amani. Nasi tulio na haraka, tutazame nyuma: ni nani bado ameshika mzigo wake?

Baada ya maziko, wabebaji walinawa mikono wakarudi mashambani. Najibu alikunja nyaya, akapeleka betri kuchajiwa Hamugembe. Annastella alirudi Kibeta, akafungua kompyuta. Kisanduku cha kusubiri hakukifuta.