Alexis Noronha, Mchoraji Aliyekataa Kusema Ilikuwa Sanaa Tu

Marehemu Mzee Alexis Noronha alizaliwa Tanga tarehe 3 Desemba 1957, mtoto wa nne wa fundi cherehani Mgoa. Waswahili walimwita Mhindi, Wahindi walimwita Mswahili, naye aliitika kote, mradi chakula kiwe mezani.

Alisoma Tanga hadi sekondari, kisha akajifunza uchoraji Dar es Salaam. Mwaka 1996 alihamia Johannesburg, akapanga ghorofa ya nne ya jengo letu, Joubert Park. Aliishi kwa kuandika vibao vya spaza, yaani viduka vya mtaani, saluni na makanisa. Picha zake mwenyewe alizichora bila kuagizwa na mtu.

Jeanne, msusi kutoka Lubumbashi, alimpa kazi ya kibao cha saluni yenye jina lake. Miezi minne ikapita.

"Herufi sita tu, zinakushinda nini?" Jeanne akamuuliza.

"Hazinishindi, dada. Nikizimaliza, nitakuja hapa na sababu gani?"

Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1998, wakajaliwa Steve na Héritière.

Mwaka 2017 wasanii wenye asili ya Asia, kutoka India, Taiwani na Indonesia, walifanya maonyesho mjini kuhusu demokrasia, wakamwalika. Msimamizi alitaka kujua kama yeye ni msanii wa Asia au wa Afrika. Mzee akasema, "Wa ghorofa ya nne." Alipeleka sanduku la kura alilolichorea nyuso za majirani zake. Kesho yake, siku ya ufunguzi, akalikuta limezungushiwa kamba, na kibao: USIGUSE. Mzee akachemka. "Sanduku la kura lisiloguswa ni kabati," akasema, akalibeba kwa teksi hadi nyumbani, wageni wakiwa bado na glasi mkononi.

Basi Mei 2019, wenye nchi wakijiandaa kupiga kura yao, na sisi wageni tukijiandaa kuwatazama, Mzee aliliweka sanduku chini ya ngazi. Jengo letu lilikuwa na mwakilishi wa wapangaji aliyeteuliwa na ajenti wa mwenye nyumba, na hakuna aliyekumbuka kumchagua. Tukamchagua Mama Zuhura, muuza vitenge. Wino wa kidole hatukuwa nao, kwa hiyo Mzee alichukua piko, ile rangi nyeusi ya nywele, saluni kwa mkewe. Jamani, piko haitoki! Ruphin, mlinzi, akaenda kazini Midrand na dole gumba jeusi.

"Wewe Mkongo, umepiga kura kwa kitambulisho gani?" bosi akamuuliza.

"Cha ghorofa ya kwanza, bosi."

Eish. Bosi hakucheka. Alitaka namba ya ajenti wa jengo letu, akampigia simu.

Ajenti alikuja na notisi ya kumhamisha Mzee, na karatasi nyingine mkononi. "Mzee wangu, saini hapa kwamba kura ile ilikuwa sanaa tu, mchezo, na notisi naichana."

Jeanne alilia. "Papa Steve, saini! Tutalala wapi na hii baridi?"

Sukari ilikuwa imeshamla Mzee mguu mmoja. Alisimama kwa kushika mlango. "Mama Steve, nikisaini, Zuhura atakuwa mchoro. Mimi nimechora vya kutosha." Akamrudishia ajenti kalamu. Mama Zuhura na wapangaji wakajaa kwenye korido, na ajenti akateremka na karatasi zake zote mbili.

Ugonjwa ulimzidi Agosti, figo zikachoka. Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, kitandani kwake, ghorofa ya nne, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jumatatu ajenti alituma ujumbe: mkataba ulikuwa kwa jina la marehemu, mjane aondoke mwisho wa mwezi. Juzi wapangaji wote walikutana chini ya ngazi na kupiga kura. Jeanne anabaki. Hakuna aliyepinga. Mama Zuhura ameomba matokeo yasomwe hapa kaburini, kwa kuwa ajenti amekuja kuzika, yuko pale nyuma, amevaa miwani. Karibu, baba. Ukitaka kumtoa Jeanne, utaanza na ghorofa ya kwanza, na huko ni kwa Ruphin.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja Gaëlle, dada yake Tanga, na jengo zima. Mungu ampe Mzee Alexis pumziko lenye amani, mahali ambapo hakuna wa kumpa notisi.