Yoeli Akyoo na Pikipiki Aliyoiunda kwa Miaka Sita

Mchungaji, wazee wetu, majirani na ndugu wote mliofika hapa Kikatiti, haya ni maisha ya Yoeli Solomoni Akyoo, kama yalivyoandikwa na kaka yake Hans, ambaye ndiye anayeyasoma.

Yoeli alizaliwa tarehe 14 Agosti 1978 hapa hapa Kikatiti, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Solomoni Akyoo, aliyekwisha kututangulia, na mama Nashilu, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1986 hadi 1992, akamaliza sekondari 1996, akajifunza ufundi wa mitambo mjini Arusha kwa miaka miwili, na tarehe 1 Machi 1999 akaajiriwa kwenye shamba la maua karibu na Usa River kuhudumia pampu za maji, kazi aliyoifanya hadi alipougua.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Silantoi, wakajaliwa watoto wawili, Princess, aliyezaliwa 2008, na Lesian, aliyezaliwa 2012.

Mwaka 2015 alianza kuunda pikipiki, si kwa biashara, ila kwa mapenzi tu, kila Jumamosi mchana nyuma ya nyumba. Fremu ilikuwa ya Yamaha, aliipata imepinda akainyoosha, injini ya Honda aliikuta Tengeru kwenye gereji moja, mafundi wameigeuza kiti, shokapu za mbele zilitoka kwenye bodaboda iliyochakaa, na tangi alilikunja mwenyewe kwa bati, akalichomelea mara tatu ndipo likaacha kuvuja. Ilipowaka, tarehe 26 Juni 2021, Silantoi aliacha nguo kwenye beseni akaja mbio, akidhani kuna kitu kimelipuka.

Desemba mwaka huo familia ilikutana hapa, na Yoeli akaitoa mbele ya watu, akampa kaka yake kofia ngumu, akasema, "Panda nyuma, kaka, tupite huku mashambani mpaka Kikwe." Hans alikuwa ametoka Njiro na wageni wa ofisini kwake, akajibu kwa sauti ya kusikika, "Mtu mzima mwenye familia, bado unachezea vyuma chakavu?" Watu wakacheka, Yoeli naye akacheka kidogo, akaisukuma hadi nyuma ya nyumba, akaifunika turubai, na kwa miaka mitatu hakuigusa tena.

Agosti 2024 chakula kilianza kumkwama, na vipimo vikaonyesha saratani ya koo. Tarehe 8 Februari 2025, Yoeli akiwa amelazwa hospitalini, Hans alimuuliza aletewe nini, naye Yoeli hakutaka chochote, aliuliza tu kama panya wamekula nyaya za pikipiki.

Kesho yake Hans alikuja hapa, akaondoa turubai, Silantoi akaleta petroli na plagi mpya, Hans akapiga kiki mpaka shati likalowa, na ilipowaka akampigia Yoeli, akaisogeza simu karibu na injini. Yoeli alisikiliza kitambo, kisha akasema, "Hizo tapeti za vali zinalia, kaka. Zima, utaniulia injini."

Hans akazima. Kulikuwa na neno lingine alilopaswa kulisema, la kuomba radhi, lakini aliona si la kusemwa kwenye simu, akaliweka mpaka Jumamosi atakapokwenda kumwona. Yoeli alifariki Alhamisi, tarehe 13 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, majirani mliokamua ng'ombe wa Silantoi miezi yote hiyo, na wafanyakazi wenzake wa shamba la maua mliobeba zamu zake bila kunung'unika.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, na kaka mmoja aliyechelewa.

Pumzika, Yoeli. Nisamehe, mdogo wangu.