Wakili Osborn Oundo, Aliyesikiliza Akiwa Amefumba Macho

Shemeji Teopista, wanangu, majirani, na ninyi mliovuka mpaka alfajiri kuja hapa Lumino: mimi ni Laban, sajini wa polisi, mdogo wake marehemu wa tumbo moja. Wengi wenu mnajua mambo mawili juu ya kaka yangu. Mnajua alikuwa wakili, na mnajua aliondolewa kwenye Kamati ya Malalamiko kwa kusema uongo chini ya kiapo. Wazee wa ukoo wamenisihi niandike kwamba aliacha kazi hiyo kwa sababu za afya. Nimewasikia. Nitasoma nilivyoandika mwenyewe.

Marehemu Osborn Oundo alizaliwa tarehe 12 Machi 1917, hapa hapa Lumino, mtoto wa kwanza wa Mzee Rasto na Mama Selpher. Mama alikuwa akisimulia kwamba asubuhi ile ukungu kutoka ziwani ulikuwa mzito hata mkunga akaipita nyumba, akaenda kubisha kwa jirani. Alikuwa mtoto mkimya. Jioni alikaa mlangoni amefumba macho, na ukimuuliza anafanya nini, anakujibu, “Nawasikiliza ng’ombe wanarudi.” Sisi hatusikii kitu, tunamcheka. Punde si punde, hao, wanatokea kwenye majani marefu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1926, akamaliza 1935. Mwaka uliofuata akawa mkalimani katika ofisi ya kazi mjini Tororo, akitafsiri Kisamia, Kiteso na Kidhopadhola kwa mabwana ambao hawakutaka kujua hata kimoja. Miaka kumi na mitatu alisema maneno ya watu wengine, mpaka akaamua kusomea sheria. Alikwenda London Septemba 1949. Barua zake zilikuwa fupi: “Huku jua linachomoza wakati wa chai ya saa nne, tena likipenda.” Alirudi Agosti 1953. Mimi ndiye niliyempokea stesheni ya Tororo. Alishuka na sanduku moja na mwavuli, akasimama akiutazama ule mwamba mkubwa wa Tororo ukitoka kwenye ukungu kidogo kidogo, garimoshi likaondoka, watu wakaisha, yeye bado kasimama. Kisha akasema, “Laban, nilidhani nimeuota.”

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1943, na Teopista wa Kiyeyi. Shemeji ameniruhusu niseme hili. Anasema alimkataa mara mbili. “Mara ya kwanza alikuwa amefumba macho, nikajua amelala, basi nikamkataa tena kwa sauti. Kumbe alisikia zote mbili!” Mwaka mzima alirudi kila Jumapili kukaa kwenye baraza ya baba mkwe bila kusema neno, mpaka mzee mwenyewe akachoka kumpikia chai.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kupatanisha wafanyakazi na waajiri wao. Mwaka 1957 aliitwa kwenye jineri moja, kiwanda cha kuchambulia pamba, nje ya Tororo, ambako watu walikuwa wameacha kazi siku sita. Alikaa kati ya pande mbili, akafumba macho. Mfanyakazi mmoja, Edeku, alikuwa akieleza shida yao, mara akakatiza akapiga kelele, “Jamani, bwana wakili nalala! Sasa sisi nasema na nani?” Watu wakaangua kicheko. Kaka, macho bado yamefumbwa, akamwambia, “Umesema vumbi linawaingia kifuani tangu saa moja asubuhi, dirisha limepigiliwa misumari tangu Pasaka, na mkeo analalamika kwamba unakohoa hadi kuku wanaamka. Endelea, Edeku.” Meneja mwenyewe alicheka. Misumari iling’olewa siku ile ile, na kesho yake mashine zikanguruma.

Mwaka 1963 alipewa uenyekiti wa Kamati ya Malalamiko, iliyosikiliza watu walioonewa na polisi. Walikuja kutoka Sikuda, kutoka Malaba, wengine wakiwa bado na bandeji. Hakutupendelea sisi askari, wala hakutuchukia. Aliyesingiziwa alimsafisha, na barua ya kumsafisha aliiandika kwa mkono wake.

Sasa nimefika pale ambapo wazee walinisihi niparuke.

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 1964, mama mmoja muuza vyungu kutoka upande wa Kenya, jina lake Wilkister, alivunjwa mkono kwenye kizuizi cha polisi cha Busia, mpakani. Askari aliyekuwa zamuni ni mimi. Siku ya pili, baada ya ibada, nilikula kwa kaka, na nikamweleza kila kitu. Sikumweleza kama wakili. Nilimweleza kama kaka, nyama ikiwa mkononi, tena huku nikicheka. Yeye hakucheka, wala hakula tena.

Malalamiko yalisikilizwa Jumanne, tarehe 9 Februari 1965. Kaka aliwaambia wenzake kwamba mshtakiwa ni ndugu yake, akashuka kitini. Nilishusha pumzi. Kumbe hakuwa anatoka nje. Alikwenda kusimama mahali pa mashahidi, akaapa, akaeleza niliyomwambia mezani kwake, neno kwa neno. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nikasema mama yule aliteleza akaangukia vyungu vyake, na kaka yangu ananisingizia kwa sababu tunagombania shamba la baba. Hapakuwa na ugomvi wowote wa shamba. Wenzangu wawili wakaniunga mkono. Kamati ikatuamini. Mama Wilkister alirudi kwake mikono mitupu, kaka akavuliwa uenyekiti, mimi nikapandishwa cheo. Wateja wakampungua mmoja mmoja. Hata mimi hakuwahi kuniuliza kwa nini. Krismasi alikuwa akinitumia jogoo, vile vile kama zamani.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Oktoba 1968. Mwisho wake alikuwa mara yuko nasi, mara yuko safarini. Alidhani yumo kwenye garimoshi, ananiuliza, “Tumefika Tororo?” Namjibu, “Bado, kaka, lala.” Siku moja macho yake yalikuwa safi kabisa, akasema, “Wasifu wangu utauandika wewe.” Nikauliza niandike nini. Akasema, “Tarehe ziwe sawa.” Alifariki hospitalini Tororo alfajiri ya Alhamisi, tarehe 17 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Jana nilivuka mpaka kwenda kwa Mama Wilkister. Nilianza kumweleza, akanikatiza. “Sajini, mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo.”

Basi nawaambieni. Aliniuliza mbele ya watu, “Afande, kosa langu ni lipi?” Hakuwa na kosa lolote, nikaona haya, nikampiga kwa rungu. Hakuteleza. Nilisikia mfupa. Naona aibu kubwa kuliko ninavyoweza kusema, na ningetoa chochote kumwambia kaka haya akiwa hai. Jumatatu, tarehe 21, saa tatu asubuhi, nitakuwa ofisini kwa mkuu wa wilaya na maelezo yangu yaliyotiwa sahihi. Mama Wilkister amekubali kufuatana nami. Ameketi pale nyuma, mwenye kitambaa cha buluu. Mpeni kiti cha mbele.

Marehemu ameacha mjane, Teopista, watoto watatu, Syprose, Matayo na Maggie, wajukuu wanne, na ndugu mmoja, ambaye ndiye aliyesema uongo. Wakili Osborn Oundo aliapa kutoa ushahidi mara moja tu katika maisha yake, na alisema kweli. Apumzike kwa amani.