Sajini Meja Gozbert na Mtani wa Keko

Tarehe 30 Juni 1956, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Sajini Meja Gozbert wa kikosi chetu anastaafu. Ataondoka na mkewe, Bi. Avelina, na masanduku mawili ya mninga aliyochongesha Keko, na ile sauti ambayo askari wanaapa kwamba husikika mpaka Boko upepo ukiwa mzuri. Nimeombwa niandike habari zake kwa ufupi. Nitajitahidi, lakini nimekaa naye ofisi moja miaka tisa, yeye mlangoni na mimi kwenye taipureta, na yapo mambo siwezi kuyanyamazia.

Alizaliwa Bukoba, akaandikishwa jeshini kijana mwembamba ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alifuata viatu. Alipelekwa Uhabeshi, kisha Burma. Alirudi na kovu begani asilopenda kuulizwa habari zake, na mapenzi ya chai ya maziwa ambayo huyazungumza hata asipoulizwa. Vita vilipokwisha alipangiwa oda rumu ya kombania yetu, na hapo ndipo amekuwa mpaka leo.

Kwa wageni watakaosoma taarifa hii, oda rumu ni chumba ambamo kapteni husikiliza makosa madogo ya askari kila asubuhi. Kuchelewa kurudi kambini, kifungo cha shati kisichong'aa, kusinzia zamu, matusi ya jikoni: hayo hayapelekwi mbele ya mahakama kubwa ya jeshi. Mshtakiwa huvuliwa kofia na mkanda, huingizwa kwa kwata ya haraka, akasomewa shtaka. Kapteni humuuliza kama anaridhika ahukumiwe na yeye au anataka mahakama kubwa. Akiridhika, atatoka na onyo, au fatiki ya kusugua masufuria, au kwata ya adhabu na mzigo mgongoni jua la mchana, au atafungiwa kambini, au atakatwa mshahara. Hukumu ni ya kapteni. Mlango ni wa Sajini Meja.

Na mlango huo aliushika. Aliwahi kuona enzi za kiboko, na hakuwa na hamu nazo hata kidogo. Kabla ya kumwingiza mtu alimketisha kwenye benchi la nje, akampa chai, akamtaka aeleze kosa lake taratibu, kisha aeleze tena. Wengi walimaliza hadithi ya pili wakiwa wamekwisha kujihukumu wenyewe, na ndani walisema maneno machache ya kweli. Makapteni wetu wote, na wamepita wanne, walipenda asubuhi fupi.

Nani amesahau shauri la punda? Askari mmoja alichelewa Kunduchi kwenye samaki, akaona punda wa duka la Bwana Remtulla amefungwa kando ya barabara, akampanda ili awahi kuitwa majina. Punda alikimbia vizuri mpaka mbele ya geti, akagoma, mlinzi akiwa anatazama. Bwana Remtulla alifika asubuhi amefura, akitaka askari afukuzwe. Sajini Meja alimpa na yeye chai, akamsikiliza mpaka akachoka, kisha akamnong'oneza kapteni. Adhabu ikawa kumkatia punda majani wiki nzima baada ya kazi. Mpaka wiki inakwisha, askari na Bwana Remtulla walikuwa wanataniana barazani.

Ukali pia alikuwa nao, tusidanganyane. Kila koplo mpya alimpa somo moja: anayeleta shtaka lisilo la kweli, au asilolichunguza, ataingia mwenyewe oda rumu bila kofia. Makoplo waliitika, wakitoka nje wakacheka. Hatukuwahi kuliona likitendeka mpaka mwaka juzi.

Mwaka juzi alifariki Bi. Tunu wa Keko, mama mzazi wa Sajini Mwinyikondo wetu, Mzaramo. Sajini Meja aliongoza askari kumi na kidogo kwenda mazikoni, nguo zimepigwa pasi, nyuso zimekunjwa. Jeneza lilipokuwa linatoka uani, akachomoka Jabiri, askari wa kawaida, Mnyamwezi wa Tabora. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, anavuta mguu kama marehemu alivyokuwa akiuvuta. Akasimama mbele ya jeneza, akamnyooshea kidole mfiwa, mkubwa wake wa kazi: "Mwinyikondo wee, bahili mkubwa! Leo ndiyo unamnunulia mama nguo mpya? Na mbona nyeupe tupu, maua yameisha dukani?"

Sajini Meja alimkamata palepale. Ua mzima ulinyamaza, na yeye akadhani wamenyamaza kwa aibu ya maneno yale. Jabiri alirudishwa kambini kwenye gari, akawekwa mahabusu. Shtaka likaandikwa kwa mkono wa Sajini Meja mwenyewe: kumtukana mkubwa wake hadharani. Lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Jabiri alikuwa na makosa mawili mwaka ule, ya kuchelewa yote, na tulikwisha kuonywa kwamba kosa la tatu la utovu wa adabu ni kufukuzwa jeshini bila kiinua mgongo. Mkewe, Somoe, alikuwa na mimba kubwa.

Benchi la nje lilitumika kama kawaida, chai pia. Je, maneno yale aliyasema? Aliyasema. Alikuwa amelewa? Hakulewa. Akatakiwa aeleze tena, akaeleza vilevile, anashangaa. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu mzima asiyejua, na Sajini Meja, mtu wa Bukoba, haikumpitia akilini kwamba kuna la kujua. Shauri likapangwa kesho yake.

Jioni hiyo akaja getini Bi. Hamisa, mdogo wake marehemu, kutoka Keko. Nilikuwapo. Sajini Meja alimwamkia shikamoo, akamsogezea kiti, akaanza kumhakikishia kwamba jeshi halitavumilia familia yake idhalilishwe.

"Marahaba, mwanangu," alisema bibi yule. "Mie sikuja kushtaki, nimekuja kumdai mtu wetu. Yule Mnyamwezi ni mtani wetu sie Wazaramo. Kesho matanga yanaondoka, na wa kuyaondoa ni yeye, nyie mmemfungia. Angekaa kimya siku ile, hapo ndiyo ningekuja kumshtaki. Dada yangu angekwenda kama mtu asiye na watu."

Sajini Meja akanigeukia. Aliniuliza mimi kama nilijua jambo hilo. Nikasema nami ni wa bara, wa Ngara, nilijua utani kwa kusikia tu. Akamsindikiza bibi mpaka barabarani, akarudi, akakaa kwenye lile benchi la washtakiwa.

Asubuhi alimweleza kapteni kila kitu. Kapteni, mtu mwema, alitaka mambo yaishe kimyakimya: shtaka lifutwe kwa kukosa ushahidi, basi. Sajini Meja akakataa. Alisema likifutwa hivyo, Jabiri ataonekana mtu mwenye kosa aliyeponyoka, na wakubwa wengine wataendelea kumtilia shaka. Alitaka isemwe wazi kwamba kosa halikuwapo, na aliyekosa ni nani. Kapteni alimkumbusha kwamba mwezi uleule jina lake limepelekwa juu kwa ajili ya nishani ya utumishi mrefu na mwenendo safi, na kwamba karipio lolote litaikwamisha. Alijibu kwamba analijua hilo.

Akatoka nje. Akavua kofia, akavua mkanda, akaviweka juu ya meza yangu karibu na taipureta. Makoplo wawili waliopaswa kumwingiza walisimama kama wamepigwa misumari. Hakuna aliyethubutu kumpigia amri. Kwa hiyo alijipigia mwenyewe, kwa ile sauti yake, "Kushoto, kulia! Kushoto, kulia!" akaingia. 

Kapteni alimuuliza, kama sheria inavyotaka, anaridhika na hukumu yake au anataka mahakama kubwa. "Naridhika, afande." Akapewa karipio kali, likaandikwa. Jabiri akaingizwa baada yake, akaambiwa hana kosa lolote. Kabla ya saa sita gari la kambi lilikuwa njiani kwenda Keko, Jabiri amekaa mbele kama bwana harusi. Matanga yaliondoka siku ileile, kwa matusi ya kutosha, nasikia.

Nishani haikuja. Iliniuma wakati ule, na ninapoandika haya bado inaniuma, na sioni sababu ya kuficha hasira yangu kwenye karatasi ya kumsifu. Mwenyewe alichouliza jioni ile ni kama gari lilifika mapema. Tangu siku hiyo akaongeza swali moja kwa kila anayeletwa kwa matusi: "Huyu uliyemtukana ni nani wako?" Mashauri ya matusi yamepungua nusu.

Jabiri sasa ni koplo, na Somoe ana mtoto wa kike anayetembea. Majuzi Jabiri alikuja oda rumu na ombi la ajabu. Alisema Wahaya hawana utani na watu wake, hilo anajua. Lakini mtu hawezi kuondoka pwani bila hata mtani mmoja wa kumsindikiza, akaonekana mtu asiye na watu. Kwa hiyo anaomba ruhusa rasmi ya kumtukana Sajini Meja getini, tarehe thelathini, mbele ya paredi yote. Kapteni alikuna kichwa, akauliza kama ni lazima. Jibu lilitoka mlangoni, kabla Jabiri hajafungua kinywa: "Ni lazima, afande."

Ruhusa imetolewa. Sajini Meja, kwa niaba ya kombania nzima tunakushukuru kwa chai, kwa subira, na kwa kutufundisha kuuliza. Wewe na Bi. Avelina mkafike salama, mkazeeke kwa afya na majirani wema. Siku hiyo usije kwa haraka. Jabiri anasema ana mengi, na sisi tumepanga kusimama mpaka ayamalize.

Adelard, karani wa oda rumu