Gololi ya Mnunuzi

Ndani ya basi la Hegang, mji wa makaa kaskazini mwa China, Bi Luan alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mzee Shen, mchimba makaa mstaafu, alikuwa anamuuzia nyumba dada mmoja kutoka kusini.

“Mbona bei chee hivi, mzee? Chini kuna mahandaki ya makaa?”

“Mahandaki walichimba Wajapani wakati wa vita, binti yangu, tena kule mbali, mpakani na Warusi.”

“Nitaweka gololi hii sakafuni. Ikitembea, sinunui.”

“Weka hata kumi!”

Bi Luan akabana kicheko. Kwake, katika jengo hilohilo lenye nyumba inayouzwa, supu hujaa upande mmoja wa bakuli.

Basi likasimama mbele ya jengo. Gololi ikamponyoka dada, ikatulia sakafuni mwa basi, kisha polepole ikaanza safari.

Mzee Shen akaikanyaga.

“Tumefika,” akasema.