Kikohozi cha Mstari wa Tisa

Mstaafu wa kazi ya kuandika programu za kompyuta, aliyekaa dirishani kwenye treni, hakuweza kunyamaza. Binti wa kando yake, naye mwandishi wa programu, alikuwa akisifia kikaguzi chake kinachosoma msimbo, yaani maandishi ya programu, kabla haujaendeshwa na kuanika kila kosa.

“Sisi tulisomeana msimbo kwa sauti, mwanangu. Mwenzangu, Mungu amrehemu, alikuwa asipoelewa mahali, anakohoa tu. Nami naandika upya.”

“Kikaguzi hakikohoi, babu. Na programu yangu hii kimeipitisha,” alijibu, kama aliyefaulu mtihani yeye mwenyewe.

“Hebu nisomee.”

Binti akasoma kwa mbwembwe. Kwenye mstari wa tisa akababaika, akarudia, akababaika tena. Mzee akageukia dirisha, koo likimwasha.

Treni ikasimama. Mzee akainuka taratibu, na alipofika mlangoni akakohoa mara moja, kikohozi kilekile cha marehemu.